Chumba Chenu, Ukuta Wangu

Siku ya kukabidhiwa funguo pale Isevya, mjini Tabora, mama mwenye nyumba alihesabu kodi yetu ya miezi sita, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, kisha akaniambia kwa upole: "Mwanangu, chumba ni chenu, ukuta ni wangu. Misumari sitaki." Binti yangu alikuwa na miaka 15, na kwa mara ya kwanza alikuwa anapata chumba cha peke yake. Usiku ule alikaa kitandani akizitazama zile kuta za chokaa, asiseme neno.

Tangu usiku huo nimeuheshimu ufundi usio na cheti wala karakana: ufundi wa kupamba mahali pasipo pako.

Tabora inaujua ufundi huo tangu enzi za misafara. Tembe lenye sifa kuliko yote hapa kwetu, lile la Kwihara, linajulikana kwa jina la mgeni, Livingstone. Stanley alikaa humo mwaka 1871, na Livingstone akakaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani, hadi alipoondoka mwezi Agosti. Lakini mimi huwawaza zaidi wapagazi wenyewe. Mnyamwezi alijitwika mzigo wa tajiri, kilo 30 hivi za merikani, shanga au pembe, na juu yake akaongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka wa kulalia na chungu. Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, yaani huku kwetu Tabora, ulikuwa mwendo wa miezi. Kila jioni alitua ugenini, akatandika mkeka wake, na pale pakawa kwake mpaka alfajiri. Anayeishi kwa kupanga ana la kujifunza kwake: pamba kwa kinachokunjika.

Tulianza na doti moja ya kanga, aliyoichagua binti mwenyewe. Kanga mpya ina gamu. Ukiitundika hivyo hivyo husimama kama karatasi. Tukaifua, tukaianika kivulini, tukaikata mbili. Moja ikawa pazia, ya pili ikawa pambo la ukuta, kwa maana kanga ina pindo pande zote nne, mji katikati na jina chini: ni picha iliyozaliwa na fremu yake. Binti alikunja upindo wa juu upana wa vidole viwili, akaupiga bandi kwa sindano ya mkono, akapitisha ufito wa mwanzi. Nyumba haikuwa na dari, basi tulifunga kamba mbili kwenye kenchi, tukauning'iniza ufito ukaegemea ukuta. Mara ya kwanza jina lilikaa kombo. Akafungua, akafunga tena. Mara ya tatu alirudi nyuma mpaka mlangoni, akatazama, akatabasamu. Ukuta haukuguswa.

Rafu tuliipata kwa seremala. Mninga ni fahari ya misitu yetu ya miombo, na ubao mzima ni ghali, lakini kipande kilichobaki kwenye kazi ya mtu hukipata kwa bei ya maelewano. Tukakipiga msasa, tukakisugua kwa nta iliyopashwa moto kidogo, maana mji wa asali haukosi nta, na ile rangi ya kahawia yenye wekundu ikajitokeza. Tukakilaza juu ya matofali manane ya kuchoma. Vitabu vikatoka sakafuni.

Sakafuni tukatandika mkeka wa ukindu. Uangalie kwa karibu mkeka wa namna hiyo: kinachosukwa ni ukili, utepe mwembamba mrefu, kisha tepe hizo hushonwa ubavu kwa ubavu hadi upana utimie. Mishono ikiwa mizuri huioni mpaka uipapase kwa kidole.

Wapo walioniuliza kwa nini nampambia mtu nyumba yake. Subirini mjenge, walisema. Kiwanja tunacho, na msingi umeshasimama, lakini ujana hausubiri tofali. Mtoto wa umri ule mwili unambadilika, marafiki wanambadilika, shuleni anapangiwa, nyumbani anatumwa. Anahitaji kona moja inayotii kauli yake. Mimi nilitoa fedha kidogo, nikanyamaza hata rangi alizozichagua zisiponipendeza. Kabla ya hapo alikuwa akisomea sebuleni huku redio ikiongea. Baada ya hapo nilianza kumsikia akisoma kwa sauti nyuma ya mlango, na siku moja aliwaita wenzake wawili waje wasome naye.

Mkataba ulipokwisha tulihamia Cheyo. Chumba chake kilikunjwa kwa nusu saa: kanga mbili ndani ya sanduku, mkeka umeviringishwa na ufito ndani yake, ubao kwapani. Mama mwenye nyumba alipitisha kiganja ukutani kutoka kona hadi kona, hakukuta tundu hata moja. Na kule tulikohamia, kanga ile ilitundikwa kabla kitanda hakijaungwa.

Mzazi mwenzangu unayeishi kwa kupanga, usimwambie mwanao asubiri nyumba yenu. Mpe doti moja, sindano na uzi, halafu mwachie chumba.