Dakika Mbili za Mgonjwa

Daktari anayeijua kazi yake huuliza swali moja fupi, kisha hunyamaza. Huweka kalamu chini, akamgeukia aliye mbele yake, akangoja. Katika ufundi wote wa hospitalini huu ndio ninaoustahi kuliko mwingine, na huonekana vizuri zaidi katika hospitali za mashinani, ambako mashine ni chache na safari za wagonjwa ni ndefu. Ishiara ni mahali pa namna hiyo.

Ni mji wa soko katika Mbeere Kaskazini, pale ambapo Kaunti ya Embu imekwisha kuyaacha mashamba ya chai na kahawa ya Mlima Kenya na kuteremka hadi nchi ya joto, nchi ya ndengu, mtama, kunde, maembe, muguka na mbuzi. Ukivuka mto Thuci umeingia Tharaka Nithi. Hospitali ya Ishiara ni ya kiwango cha nne, na magonjwa yanayoishinda hupelekwa Embu mjini. Kwenye mabenchi ya asubuhi huketi Wambeere, Waembu, Watharaka na Wakamba. Anayewapokea ndani mara nyingi ni afisa wa kliniki, ingawa kila aliye kwenye foleni humwita daktari. Nami nitamwita hivyo, maana ufundi ninaouzungumzia haufuati cheo.

Mgonjwa akiachiwa nafasi, hasimulii ugonjwa wake kwa mpangilio wa vitabu. Huanzia mbali. Ataanza na bodaboda iliyomleta, au mjukuu aliyemwacha nyumbani, au vidonge alivyonunua dukani visimsaidie, ndipo afike kwenye kifua. Daktari asiyekomaa huyaona hayo kuwa kupotezewa wakati. Aliyekomaa hukusanya. Mzee akisema kwamba siku hizi hafiki shambani bila kupumzika mara mbili chini ya mwembe, amekwisha kueleza ni pumzi kiasi gani imempungua, na ameeleza vizuri kuliko ambavyo angejibu kama angeulizwa, “Unahema kidogo au sana?” Mama akitaja kwamba mtoto amekataa hata uji, habari ya hatari imepita hapo, katikati ya malalamiko ya nauli, na anayeisikia ni yule tu ambaye hakuwa ameinama akiandika.

Kuna hofu kwamba mgonjwa akiachwa aongee, asubuhi itaisha. Hofu hiyo imepimwa. Mwaka wa 1984 Beckman na Frankel, huko Marekani, walichunguza mazungumzo 74 yaliyorekodiwa na kukuta kwamba madaktari waliwakata wagonjwa kauli baada ya sekunde 18 kwa wastani. Mwaka wa 2002, katika mji wa Basel, Uswisi, watafiti wakiongozwa na Langewitz waliwaomba madaktari wafanye kinyume chake: wasikilize hadi mgonjwa anyamaze mwenyewe. Wagonjwa walikuwa 335. Kwa wastani waliongea sekunde 92, na karibu wanane katika kila kumi walikuwa wamemaliza kabla ya dakika mbili. Dakika mbili! Ndicho kitu kizima tunachonyimwa.

Na dakika hizo zina thamani. Mwaka wa 1975 Hampton na wenzake nchini Uingereza walifuatilia wagonjwa wapya 80. Kwa 66 kati yao, barua ya rufaa pamoja na maelezo ya mgonjwa mwenyewe vilitosha kuufikia ugonjwa uliothibitishwa baadaye. Saba walihitaji kupapaswa na kupimwa ndipo jibu likabadilika, na saba wengine walihitaji maabara. Vipimo vimeendelea sana tangu hapo, lakini mahali ambapo kipimo kikubwa humaanisha nauli na siku nzima ya shamba kupotea, sikio la daktari bado linafanya kazi ya maabara.

Baada ya kimya huja maswali, na hapo ndipo mkono wa fundi hutambulika. “Ilianza lini?” ni swali la ofisini. Watu wanaoishi kwa kutegemea mvua hukumbuka kwa mvua, na mama wa Mbeere akiulizwa tarehe anaweza kukisia yoyote ili amridhishe daktari. Lakini muulize, “Mama, mlipokuwa mkivuna ndengu ulikuwa umeshaanza kukohoa?” Atajibu papo hapo. Ndengu za mvua za vuli hupandwa Oktoba au Novemba na kuvunwa Januari au Februari. Ikiwa sasa ni mwisho wa Machi na kikohozi kilikuwapo shambani, makohozi yake yanapaswa kufika maabara leo hii kutafutwa kifua kikuu, wala si kupewa dawa nyingine ya chupa. Daktari aliyetumwa Ishiara kutoka mbali hana budi kujifunza kalenda hiyo kama alivyojifunza majina ya mifupa.

Ugumu zaidi uko katika kuuliza jambo ambalo mgonjwa ana sababu ya kulificha. Swali “Unameza dawa zako za presha?” lina jibu moja tu: “Ndiyo, daktari.” Nani atatoka nyumbani alfajiri kuja kugombezwa? Fundi hulipitisha swali lilelile mlango mwingine: “Mzee, watu wengi hukosa kumeza siku nyingine, hasa dawa zikiisha kabla ya siku ya kliniki. Wiki hii iliyopita zimekupita siku ngapi?” Sasa kukosa kumekuwa jambo la kawaida, na kilichobaki ni kuhesabu. Mzee atahesabu, na pengine ataongeza mwenyewe kwamba huziacha akijisikia mzima, maana aliambiwa dawa ya presha huzoesha mwili. Bila sentensi ile ya kwanza, daktari angeona presha haijashuka, akaongeza dawa ya pili juu ya dawa ambayo haijamezwa.

Muguka unahitaji uangalifu zaidi. Kwenye zao hili ndiko karo ya shule inakotoka, na mabati ya nyumba. Kaunti za Mombasa na Kilifi zilipoupiga marufuku Mei 2024, wakulima wa Mbeere waliona mkono umetiwa katika riziki yao. Daktari naye anajua kwamba majani hayo huongeza mapigo ya moyo na kupandisha presha, hufukuza usingizi na hamu ya chakula. Akiuliza kama mpelelezi, mwanamume aliye mbele yake atasema yeye hulima tu. Akiuliza kama mtu anayejua kazi ya kuchuma ilivyo, “Mkichuma siku nzima, wewe binafsi hutafuna kiasi gani, na hadi saa ngapi?” atapata jibu la kufanyia kazi. Kuanzia hapo wanaweza kupatana juu ya kupunguza. Sioni udhaifu wowote katika kuuliza hivyo. Naona mtu aliyeamua kwamba kuupata ukweli kuna faida kuliko kuonekana mkali. Dawa za miti shamba, na zile za kuungaunga dukani, huulizwa kwa moyo uleule.

Lugha nayo ni kazi. Mafunzo ya afya nchini Kenya hutolewa kwa Kiingereza. Daktari huyabeba hadi kwenye Kiswahili, na mara nyingi Kiswahili chenyewe si lugha ya moyoni ya shosho aliyetoka Tharaka. Mjukuu wa miaka kumi na miwili husimama katikati akitafsiri. Tazama macho ya daktari mzuri wakati huo: hayamwelekei mtoto, yako kwa shosho. Anasema sentensi fupi moja, anangoja ivuke, anangoja jibu lirudi, ndipo aongeze nyingine. Maswali yakikaribia tumbo la uzazi au mkojo, humtuma mjukuu nje kwa upole na kumwita muuguzi anayeijua lugha hiyo, kwa sababu kuna mambo ambayo bibi hatayatamka mbele ya mtoto wa mwanawe, na mtoto hapaswi kuyabeba.

Lakini mahali ninapokaa nikitazama kwa muda mrefu zaidi ni mwisho, dawa zinapoelezwa. Chukua malaria ya kawaida kwa mtu mzima, na dawa ya AL. Ni vidonge 24 kwa siku tatu: vinne sasa, vinne baada ya muda wa saa nane, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Tena vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, la sivyo mwili hauipokei dawa ipasavyo. Sasa daktari mwenye haraka husema, “Rudia baada ya saa nane.” Ikiwa ni saa nne asubuhi, yeye anamaanisha saa kumi na mbili jioni. Mgonjwa anasikia saa nane ya mchana, na hana kosa lolote. Ndivyo saa zetu zinavyohesabiwa. Daktari fundi huacha hesabu na kusema, “Hivi vinne vingine ni jua likizama.” Anavionyesha kwenye pakiti, anatia alama ya kalamu.

Vivyo hivyo na agizo la “kimoja mara tatu baada ya chakula.” Katika nyumba ambayo kiangazi kimeipunguzia milo, asiyekula mchana humeza mara mbili, na anaamini ametii. Swali la kuuliza kabla ya kuandika chochote ni, “Huwa mnakula saa ngapi nyumbani?”

Kisha linakuja tendo ambalo, kama ningekuwa na uwezo, ningeliweka katika kila chumba cha daktari nchini. Daktari fundi hamuulizi mgonjwa, “Umeelewa?” Sote tunaitikia swali hilo, hata tukiwa tumeachwa nyuma sana. Husema, “Shosho, nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani utamwambiaje mama wa mtoto kuhusu dawa hizi?” Angalia mzigo umewekwa kwa nani. Anayefanya mtihani ni daktari, wala si bibi. Shosho ataeleza, atakosea kidogo kwenye siku ya pili, na kosa litarekebishwa pale pale, kabla halijapanda bodaboda kwenda naye. Roy Kessels, mtaalamu wa Uholanzi, aliandika mwaka wa 2003 kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya tunayoambiwa na wahudumu wa afya hutupotea mara moja. Kwa hiyo kinachorudiwa kwa kinywa cha mgonjwa mwenyewe kina nafasi ya kufika nyumbani, na yaliyosalia huandikwa kwa herufi zinazosomeka katika daftari la mazoezi ambalo wengi wetu huja nalo hospitalini.

Kenya haikosi mahali pa kujifunzia ufundi huu. Virusi vya Ukimwi vilitufundisha kwa gharama kubwa. Vituo vya kupima kwa hiari vilipoenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, hospitali zetu zililazimika kufanya jambo ambalo hazikuwa zimezoea: kumketisha mtu faraghani, kumuuliza anajua nini tayari, kumwandaa kabla ya majibu, kumpa majibu kwa maneno machache, kisha kukaa naye akilia. Wahudumu walisomea ushauri nasaha. Dawa za kupunguza makali zilipokuja, walijifunza pia kuzungumzia vidonge vya maisha yote bila kutisha wala kudanganya. Nashangaa kwamba maarifa hayo yamebaki kwa sehemu kubwa katika chumba kile kimoja. Mwenye sukari anaambiwa habari ya maisha yote akiwa amesimama mlangoni, mwingine akiwa tayari anaingia.

Sheria iko upande wa mgonjwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mtu aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo, manufaa yake, hatari zake na gharama yake, na inataka hayo yafanywe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Maneno mazuri. Utekelezaji wake uko mikononi mwa mtu mmoja aliyechoka, ambaye foleni yake imefika kwenye lango.

Foleni hiyo ni ya kweli, na sitamwambia mtu huyo kwamba haipo. Ila mengi niliyoyasifu hayaongezi muda. Katika Chuo Kikuu cha Kansas, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012 ulimfuatilia daktari mmoja wa upasuaji aliyewatembelea wagonjwa 120, wengine akiwa amesimama, wengine akiwa ameketi. Aliposimama alikaa nao dakika moja na sekunde 28 kwa wastani. Alipoketi, dakika moja na sekunde 4. Wale alioketi nao walidhani amekaa nao zaidi ya dakika tano. Waliridhika zaidi, ingawa walikuwa wamepewa muda mfupi zaidi. Kiti kilikuwa pale pale siku zote.

Tena sehemu ya foleni ni watu wanaorudi: aliyeacha AL siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka, aliyedhani dawa za presha za mwezi mmoja ndiyo tiba nzima, mama ambaye hakuambiwa ni dalili zipi zimrudishe haraka na zipi angoje nazo nyumbani.

Kwa hiyo wanafunzi wa udaktari na wa kliniki wanapoletwa hospitali za kaunti kujifunza, wapo watu wa kuwakalisha nao, na kila hospitali inawajua wake. Siku za kwanza wasiandike kitu. Watazame kalamu inawekwa chini lini, swali linageuzwa vipi, macho yanaelekea wapi mjukuu anapotafsiri. Na mtihani wao ufanyiwe nje kwenye benchi: wamfuate mgonjwa aliyetoka chumbani mwao, wamsalimu, wamwombe awaeleze ana ugonjwa gani na dawa zake atazimezaje.