Mafuta Yanayounguza na Jeli Isiyounguza

Msimu wa korosho ukianza mwezi Oktoba, mikono ya wabanguaji wa Newala na Masasi huutangaza. Vidole huwa vyeusi, ngozi ya viganja hubambuka, na pembeni mwa kucha hubaki doa ambalo sabuni hailitoi. Chanzo kimo ndani ya ganda. Kati ya kuta zake mbili kuna tabaka lenye vitundu kama sega la nyuki, na vitundu hivyo vimejaa mafuta mazito ya rangi ya kahawia ambayo kwa sehemu kubwa ni asidi ya anakadi, ikifuatiwa na kadoli na kadanoli. Mafuta hayo huunguza ngozi yanapokaa juu yake. Kwa baadhi ya watu hufanya pia jambo la pili, lisiloonekana siku hiyo wala kesho yake: huifundisha kinga ya mwili kuyakataa, na tangu hapo tone dogo hutosha kuleta malengelenge. Jambo hilo la pili ndilo mzio, na siku hizi lina mlango mwingine wa kuingilia kwenye mikono ya wanawake, yaani jeli ya kucha inayokaushwa kwa taa, iwe saluni au kwa seti ya kujipaka nyumbani.

Ninachotaka kuonyesha ni kwamba vitu hivi viwili hudhuru kwa kanuni moja, na kwamba ufundi wa kubangua una majibu ambayo wapaka jeli wengi hawajayapata. Mbanguaji hujilinda tangu siku ya kwanza kwa sababu ganda humuumiza siku ya kwanza. Jeli haiumi. Ina harufu nzuri, inang'aa, na ikimwagikia ngozi haisemi kitu. Ukimya huo ndio hatari yake kubwa, na ndiyo maana mtu anaweza kupaka miezi mingi akiamini kuwa ngozi yake imeizoea, kumbe inajifunza kuipinga.

Tuanze na jeli yenyewe. Ikiwa ndani ya chupa, ni mkusanyiko wa molekuli ndogo za jamii ya akrileti na methakrileti, zinazoitwa monoma. Iliyo maarufu kuliko zote ni HEMA, na uzito wa molekuli yake ni 130 tu. Ngozi ya binadamu huzuia vizuri molekuli zinazozidi uzito wa 500 hivi. Zilizo chini ya hapo hupenya. Mwanga wa taa unapopiga jeli, kemikali ya kuanzishia iliyochanganywa humo huvunjika na kuzifanya monoma zishikane mkono kwa mkono mpaka ziwe minyororo mirefu, nayo ndiyo polima. Polima ni kubwa mno kupita kwenye ngozi. Kwa hiyo kucha iliyokauka sawasawa haina neno. Kinacholeta mzio ni majimaji yaliyogusa ngozi kabla ya kukauka, au yaliyobaki mabichi chini ya ganda linaloonekana limekauka.

Kanuni hiyo ni ya kale, na inatoka kwenye ukoo wa mkorosho wenyewe. Wajapani wana rangi ya vyombo iitwayo urushi, inayokamuliwa kutoka kwenye mti ulio ndugu wa mkorosho na mwembe. Utomvu wake ukiwa mbichi huwatoa mafundi vipele vikali; ukishakauka juu ya bakuli, watu hulia chakula humo bila wasiwasi. Hata mafuta ya ganda la korosho hugandishwa viwandani na kuwa rangi za kupaka na vitambaa vya breki za magari. Majimaji hudhuru, kigumu hakidhuru. Mama anayechoma korosho kwenye bati juu ya moto wa kuni anaifuata kanuni hiyohiyo: joto hutoa sehemu ya mafuta na kuigeuza asidi ya anakadi kuwa kadanoli, ambayo ukali wake ni mdogo, kisha korosho humwagwa kwenye mchanga au majivu ili yanyonye kilichobaki. Anayebangua korosho ambayo haikuiva vizuri hulipa kwa vidole vyake. Anayepaka jeli ambayo haikukauka vizuri hulipa vilevile, ila deni lake huja baadaye.

Namna deni hilo linavyoandikwa inastahili kuelezwa polepole. Monoma iliyopenya hushikamana na protini za ngozi na kuzibadilisha sura. Seli walinzi huichukua protini hiyo ngeni na kuipeleka kwenye mitoki, ambako kundi la seli nyeupe hufunzwa kuitambua. Mafunzo hayo huchukua siku 10 hadi 14, na yanaweza kuanza baada ya mguso wa kwanza au wa mia moja. Yakikamilika, kila mguso unaofuata huamsha jeshi zima, lakini kwa kuchelewa: muwasho, uwekundu na malengelenge huja saa 24 hadi 72 baadaye. Mtu aliyepaka kucha Ijumaa kwa ajili ya harusi huanza kuwashwa Jumapili, akalaumu sabuni ya kufulia au samaki aliyekula. Kope za macho nazo huvimba, maana kidole hugusa jicho mara nyingi kwa siku, na ngozi ya kope ni nyembamba. Kucha huweza kuinuka kutoka kwenye nyama yake, na hapo wengi hununua dawa ya fangasi kwa ugonjwa usio fangasi.

Takwimu zipo, ingawa zimetoka mbali. Mwaka 2018 Chama cha Madaktari wa Ngozi cha Uingereza kilitoa onyo baada ya vituo vya Uingereza na Ayalandi kukuta kwamba asilimia 2.4 ya watu waliopimwa walikuwa na mzio wa angalau aina moja ya methakrileti. Hao walikuwa watu waliokwenda hospitali tayari wana shida ya ngozi, hivyo idadi hiyo isichukuliwe kuwa ya wanawake wote. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kwamba jeli zenye HEMA ziwe za mafundi peke yao na zibebe onyo la mzio, na kuanzia Septemba 2025 ukapiga marufuku TPO, mojawapo ya kemikali za kuanzishia, kwa sababu nyingine inayohusu uzazi. Tanzania ilihamishia usimamizi wa vipodozi kwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019. Ningependa kuona onyo la mzio likiandikwa kwa Kiswahili kwenye kila seti ya jeli inayouzwa Masasi mjini, kwa herufi ambazo mtu anaweza kuzisoma bila miwani.

Sasa tuitazame kazi yenyewe na mahali inapoharibika. Kosa la kwanza ni taa. Kila jeli hutengenezwa ikaushwe kwa mwanga wa kipimo fulani, na nyingi hutegemea miale ya nanomita 365 au 405. Taa ya kampuni nyingine, au iliyochoka, hukausha juu na kuacha chini pabichi, na kwa macho huwezi kuona tofauti. Kosa la pili ni tabaka nene: mwanga haufiki chini. Kosa la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kufurika. Jeli hupakwa mpaka ikafunika ngozi inayozunguka kucha, halafu mkono ukaingizwa kwenye taa ukiwa hivyo. Mbanguaji hawezi kufanya kosa la namna hiyo mara mbili, kwa kuwa ganda lingemkumbusha papo hapo. Kosa la nne ni ute unaonata unaobaki juu baada ya kukausha. Huo ni monoma ambazo hewa ya oksijeni ilizizuia kushikana, na watu huufuta kwa pamba iliyokwisha kutumika, wakaueneza vidoleni. Vumbi la kusugua kwa tupa kabla jeli haijakauka kabisa nalo hubeba mabaki hayohayo mpaka usoni na shingoni.

Mbanguaji hufanyaje? Kwanza hupaka kinga kabla ya kazi: mafuta ya kula au ya mbarika, au majivu yanayonyonya kinachovuja. Mafuta huyaona bora kuliko majivu, maana majivu yenye unyevu huwa makali na hukausha ngozi ambayo tayari imechoka. Pili, hulishika ganda kwa namna ambayo mpasuko hautazami vidole. Tatu, hatii kidole mdomoni wala jichoni mpaka kazi iishe. Yote hayo yanahamishika kwenye kucha. Jeli iishie umbali wa uzi mmoja kabla ya ngozi. Ikivuka, ifutwe kwa kijiti kikavu kabla ya taa, kisha panawiwe kwa sabuni. Mafuta, hata hivyo, yasipakwe kabla ya jeli, maana jeli haitashika, yapakwe baada. Hapa ufundi mmoja hauwezi kunakiliwa mzimamzima kwenye mwingine.

Wapo watakaouliza kwa nini glovu hazitajwi. Glovu nyembamba za saluni hupitisha methakrileti ndani ya dakika chache, na aliyezivaa huendelea kujiona salama huku kemikali imefungiwa kwenye ngozi yake. Kwa mbanguaji hutoboka, na mafuta yakiingia ndani hukaa humo. Zina faida zikibadilishwa mara moja baada ya kuchafuka, sharti ambalo ni gumu mahali ambapo jozi moja hutumika siku nzima. Kuhusu kunawa, ushauri wa kitaalamu wa kusuuza kwa maji mengi unasahau kwamba Newala iko juu ya uwanda ambao maji yake hupandishwa kwa pampu kutoka bonde la Mitema. Ndiyo maana nasisitiza kufuta kwanza kwa kitu kikavu: kikombe kimoja cha maji kinatosha kwa kilichobaki.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema vitu vya asili havina madhara, basi turudi kwenye hina. Majani ya hina yenyewe huleta mzio mara chache, na rangi yake hushikamana na kucha bila taa wala monoma. Lakini piko, ile nyeusi inayokolea kwa saa moja, mara nyingi huwa na PPD, kemikali ya rangi ya nywele, na imewaachia watu malengelenge yaliyofuata michoro ya mkononi mstari kwa mstari. Na ganda la korosho ni la asili kuliko vyote. Mwaka 1982 huko Pennsylvania, Marekani, watu 54 walipata vipele baada ya kula korosho zilizotoka Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, ambazo zilikuwa na vipande vya ganda. Mafuta ya ganda yanafanana na sumu ya mmea unaotambaa porini Marekani, ambao miili mingi huko imekwisha kuufahamu. Kwa sababu hiyohiyo, aliyepata mzio wa ganda anaweza kuwashwa midomo kwa utomvu wa ganda la embe. Mwili hausomi jina. Husoma umbo la molekuli. Kwa hiyo pia chupa iliyoandikwa kuwa haina HEMA si kinga kwa aliyekwisha kupata mzio, kwani ndugu zake waliomo humo hufanana nayo.

Yupo atakayesema kwamba jeli ni anasa ya wachache, na kwamba mikono ya wabanguaji ina shida kubwa zaidi. Nakubali kuhusu ukubwa wa shida. Viwanda vilivyojengwa Masasi, Newala na kwingineko miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia vilikusudiwa kuiondoa kazi hii mikononi, lakini mavuno yaliyofikia tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 yaliporomoka, mitambo mingi ikasimama, na kubangua kwa mkono kukabaki. Ila mikono hiyo haigawanyiki. Ngozi iliyopasuka kwa mafuta ya ganda imepoteza ukuta wake, na monoma huipita kwa urahisi kuliko ngozi nzima. Msichana anayebangua asubuhi na kuwapaka wenzake kucha jioni hukutana na vyote viwili, na yeye hugusa jeli mara nyingi kuliko mteja.

Anayetaka kuipumzisha mikono afanye machache. Kucha zikatwe fupi, zipakwe mafuta ya nazi au ya ufuta kila usiku, hasa kwenye ngozi ya pembeni, na ngozi hiyo isikatwe, maana ndiyo kizibo kinachozuia vijidudu. Jeli isibanduliwe kwa meno wala kwa kisu. Ilowekwe kwa asetoni dakika 10 hadi 15 mpaka ilegee, vinginevyo hung'oka na tabaka la kucha. Rangi ya kawaida inayokauka kwa hewa inatosha kwa sherehe nyingi. Muwasho ukirudi kila baada ya kupaka, aache kabisa na aende hospitali, Mkomaindo au Ndanda, akiwa na chupa yenyewe ili daktari asome kilichomo. Kipimo cha kubandika kemikali mgongoni, kinachosomwa baada ya siku mbili na tena siku ya nne, ni kazi ya mabingwa wa ngozi, ambao kituo chao cha mafunzo kiko hospitali ya KCMC, Moshi.

Kucha ya mkono hukua milimita 3 hivi kwa mwezi, kwa hiyo aliyeacha jeli mwanzoni mwa msimu atakuwa na kucha mpya ndani ya miezi sita. Zile seli zilizofunzwa hazikui na kukatwa namna hiyo. Baadhi ya vizibio vya meno, saruji ya kuunganishia mifupa na gundi ya vipimo vya sukari vinavyobandikwa mwilini vimetengenezwa kwa jamii ileile ya akrileti. Aliyepata mzio wa kucha amwambie daktari wa meno kabla hajafungua mdomo.