Sitara ya Mgonjwa

Shuka ya mgonjwa asiyeweza kuinuka hubadilishwa naye akiwa amelala juu yake, na mtu asiyepata kuiona kazi hii ikitendwa na mikono iliyoizoea huenda akaidhania kuwa ni kiinimacho. Bibi mmoja wa mtaa wetu wa Tanga, muuguzi mstaafu, alipokuja kumwuguza baba yangu aliyepooza upande wa kushoto, alimgeuza mzee kwa ubavu, akaikunja shuka chafu kwa urefu hadi ikamgusa mgongo, akaitandika safi nyuma yake nayo nusu imekunjwa, kisha akamvusha taratibu juu ya kituta kile kidogo cha nguo, akaivuta moja na kuinyoosha nyingine. Na muda wote huo kanga iliyomfunika mzee kiunoni haikusogea hata upana wa kidole. Mimi nilikuwa nimeshika beseni.

Joto la maji ya kumwoshea mzee alilipima kwa kiwiko, si kwa vidole, maana vidole vya mpishi na mfuaji vimekwisha kuwa sugu. Alianza kwa macho, akamaliza kwa sehemu za siri, na baina ya huku na huko maji yalibadilishwa. Kila baada ya saa 2 mzee aligeuzwa, mchana na usiku, na kila alipogeuzwa Bibi alimkagua visigino, nyonga na mfupa wa juu ya matako kwa makini ya sonara anayeitazama dhahabu. Kwani kidonda cha kulala hakianzi kuwa kidonda, huanza kuwa doa, na katika ngozi yetu nyeusi doa hilo halijitangazi kwa wekundu, bali huwa weusi uliozidi kidogo, au joto, au ugumu ambao mkono huujua kabla ya jicho. Baba aliishi miezi 14 kitandani, akazikwa na mgongo mzima. Sijui sifa gani iliyo kubwa kuliko hiyo ambayo muuguzi wa nyumbani aweza kuitaka, wala sijamwona mpita njia aliyesimama kuistaajabia.

Neno lililokuwa halimtoki Bibi kinywani ni sitara. Mwili, alisema, una sitara ya nguo, na maradhi yana sitara ya ulimi. Anayemwosha mgonjwa akaenda kuyasimulia kisimani aliyoyaona, amemvua nguo mara ya pili. Lakini wahenga nao walisema kwamba mficha uchi hazai, na hapo ndipo penye uzito wa kazi hii, kwa kuwa yako maradhi ambayo sitara ikizidi huyalea.

Kaswende, waliyoiita wazee sekeneko, ni hodari wa hila hii. Huja kwa kidonda kisichouma, nacho hupona chenyewe baada ya wiki chache, mwenyewe akamshukuru Mungu au mganga. Kumbe ugonjwa umeingia ndani tu, na waweza kungoja miaka kabla ya kuushambulia moyo au ubongo. Kisonono humtesa mwanamume upesi kwa usaha na mkojo unaochoma, ilhali mwanamke aghalabu hukaa nacho asihisi kitu, hata mtoto azaliwe na macho yake yaanze kutoka usaha. Wengi kwetu walisema ni tego, wakatafuta wa kulitegua, na siku zikapita. Tangu mwaka 1943 imejulikana kwamba penisilini huitibu kaswende, na sindano yake ingali ikiitibu. Kisonono kimekwisha kuizoea dawa hiyo, na sasa hutakiwa nyingine, ndiyo sababu vidonge vya kubahatisha vya dukani ni hasara juu ya hasara.

Habari ifuatayo naweza kuisimulia bila ya kuivunja siri, kwa kuwa siri yenyewe ilikuwa yangu. Miaka mingi kabla ya baba kupooza, baada ya sala ya isha, nilibisha hodi kwa Bibi.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Keti.”

Nikamweleza kwamba nina rafiki aliyetokwa na kidonda. Alinisikiliza hadi mwisho, huku akiendelea kuchambua mchele.

“Mwambie rafiki yako aende zahanati kesho. Na asiende peke yake.”

“Aende na nani, Bibi?”

“Kwani rafiki yako hana mke?”

Nikanyamaza. Akapepeta ungo, akasema bila ya kuniinulia macho: “Kumtibu mmoja katika nyumba ya wawili ni kuteka maji kwa pakacha.”

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minne, na Bibi aliijua, kama alivyojua pia kwamba kaswende ya mama huweza kumwua mtoto tumboni. Angeweza kumwendea mke wangu asubuhi iliyofuata kwa hoja ya kuokoa roho, hakwenda. Angeweza kunihutubia, hakunihutubia. Aliniachia mzigo wangu niubebe mwenyewe, ila aliniambia nitakapouona mzito nirudi, naye ataketi nasi. Huu, kwa maoni yangu, ni ustadi mkubwa kuliko ule wa shuka, maana shuka haina hofu wala ubishi.

Wakati wa UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wanawake wa namna ya Bibi waliingia katika vyumba ambavyo hata ndugu walivikimbia, wakavaa glavu penye damu na vidonda, wakazivua penye kushikana mikono, na kwa kula sahani moja na mgonjwa wakafundisha zaidi ya mabango yote ya serikali.

Nami, baada ya maneno yale ya Bibi, nilikawia siku mbili. Tuliyoambizana na mke wangu usiku wa pili hayamhusu msomaji. Asubuhi ya tatu tulikuwa tumeketi katika benchi la zahanati, kimya, kila mmoja akitazama upande wake, Bibi akapita na kikapu chake. Tukamwamkia, akaitikia. Akamwuliza mke wangu muhogo unauzwaje sokoni siku hizi, akajibiwa, akasema umepanda, kisha akashika njia yake.