Taichi na Goti la Mzee

Huko Bugene, Karagwe, ambako njia ya msikitini ni mteremko, mzee mwenzangu alinionyesha taichi, mazoezi ya Kichina aliyofunzwa na mwanawe. Ni ule mfuatano wa mienendo 24 uliotungwa China mwaka 1956. Nilitazama kwa shaka. Magoti yakunjwa kidogo, uzito wahamishwa polepole kutoka mguu huu hadi ule, bila kuruka wala kuzuia pumzi. Faida iko hapo hapo: kila mguu huzoea kuubeba mwili peke yake, na utafiti umeonyesha kuwa taichi hupunguza kuanguka kwa wazee. Mwili nao una haki yake juu yetu, kama alivyotufundisha Mtume (S.A.W.).

Lakini wapo wanaodai kuwa iko nguvu iitwayo chi, izungukayo mwilini na kuponya kila maradhi. Hilo silikubali, mwenye kisukari asiache dawa zake.

Wengine husema, “Swala yatosha kuwa mazoezi.” Nao wamekosea. Swala ni ibada; anayeisimamia kwa ajili ya goti lake amebadili nia. Mzee yule humaliza taichi yake kwanza, kisha hutia udhu.