Kinyago, Sanamu, Kigango: Uchongaji na Mipaka ya Uhakiki Wetu

Makala haya yanakusudia kuliuliza swali ambalo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, nami nikiwa mmoja wao, tumelikwepa kwa muda mrefu: kazi ya uchongaji husomwaje? Tumezoea kuutaja uchongaji kwa njia ya sitiari tu. Twasema mshairi "amezichonga" beti zake, kisha twarejea kwenye vina na mizani. Aidha, ule utengano wa fani na maudhui uliotawala uhakiki wetu tangu miaka ya 1970 umetuzoesha kuamini kwamba gogo lililochongwa ni fani tupu, umbo linalomngoja msomi aje alijaze maana. Hoja yangu ni kwamba maana ya mchongo haimo ndani ya umbo wala haijifichi nyuma yake. Imo katika wajibu unaowafunga watu fulani na kitu kilichosimamishwa mbele yao, mahali fulani.

Lugha yenyewe ilikwisha kulidokeza jambo hili. "Sanamu" ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na huko lilimtaja mungu wa kuchongwa. Shaka ya kidini haijalitoka hadi leo. Kazi ya sanamu ni kufanana, na ndiyo sababu hata picha ziliwahi kuitwa sanamu. "Kinyago" kina ukoo mwingine. Kwa Wamakonde kimeambatana na ngoma ya mapiko, na kazi yake ni kutisha na kuchekesha. Methali isemayo kinyago ukikichonga mwenyewe hakikutishi inamweka mchongaji juu ya kazi yake: aliyeishika tezo anajua kwamba ndani mna mti tu. Neno la tatu, "kigango", ni la Wamijikenda, nalo katika vitabu vyetu vya uhakiki halionekani. Katika Kiswahili sanifu, kigango ni kibanzi cha kufungia mfupa uliovunjika (na kwa Wakatoliki ni tawi la parokia, ila hayo si ya hapa). Sithubutu kudai kwamba maneno hayo yana asili moja. Hata hivyo, taswira ya kibanzi kinachoshikilia kilichovunjika itatufaa.

Nilivutwa katika mjadala huu na jambo dogo. Katika mtaa wa Kileleshwa ninakoishi, ambako nyumba za kale zenye vigae na bustani pana zimekuwa zikibomolewa kupisha majengo ya ghorofa, niliona kigango kimesimamishwa kwenye ukumbi wa jengo moja, kati ya chungu cha maua na mlango wa lifti. Bawabu wa hapo, Mgiriama wa makamo, alikuwa amekigeuza kiti chake ili asikipe kisogo. Nilimwambia kwamba bila shaka ni cha bandia, kimechongwa cha kuuza. "Yawezekana, mwalimu," akanijibu. "Lakini aliyekichonga alikuwa anamfikiria nani?"

Sikuwa na jibu, na sidhani kwamba nadharia tunazofundisha zinalo. Kigango huchongwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi miongoni mwa Wagiriama na baadhi ya Wamijikenda wengine. Mara nyingi marehemu humjia jamaa yake ndotoni kulalamika kwamba amesahauliwa, au masaibu huiandama familia hata mganga akatambua chanzo chake. Hapo ndipo mchongaji anapoitwa. Hutafutwa mti mgumu usioliwa na mchwa upesi. Kinachotoka ni ubao bapa, mrefu, wenye kichwa ambacho aghalabu ni cha mviringo, usio na mikono wala miguu, na kiwiliwili chake chote kimetiwa nakshi za pembetatu. Hakuna anayejaribu kuunasa uso wa marehemu. Hata hivyo kila anayehusika anajua huyu ni nani, baba wa nani, na anadai nini. Humiminiwa tembo na huzungumzwa naye. Kikishasimikwa hakihamishwi, jamii ikihamia makazi mapya, kigango huachwa pale pale kikaoza.

Lessing, katika maandiko yake ya mwaka 1766 juu ya Laokoon, aliugawa ulimwengu wa sanaa mara mbili: uchongaji na uchoraji ni sanaa za mahali, ushairi ni sanaa ya wakati. Mgawanyo huo tumeurithi bila kuuhoji. Kigango kinaukana. Kuchakaa kwake kwa mvua na mchwa si hasara inayoipata kazi baada ya kukamilika. Ni sehemu ya kazi yenyewe, kama vile kimya kilivyo sehemu ya masimulizi. Msimulizi akinyamaza, hatusemi hadithi imeharibika.

Ndiyo sababu wizi wa vigango ni tukio linaloihusu nadharia, si polisi pekee. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha Mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake marehemu. Muda si mrefu vikaibwa. Mzee akafariki mwaka 1987 bila ya kuviona tena. Baadaye Udvardy na mwenzake Linda Giles walivigundua Marekani, kimoja jimboni Illinois, kingine katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vikarejeshwa kwa familia mwaka 2007. Nimependezwa na kinaya kilichomo: sanamu, kwa maana ile ya kale ya picha, ndiyo iliyokitolea kigango ushahidi. Vingine havikubahatika hivyo. Makumbusho ya Denver, Colorado, yaliamua mwaka 2014 kuvirudisha vigango 30, lakini haikujulikana vilitoka kwenye miji ya nani. Umbo lilikuwa zima, nakshi zikisomeka barabara. Kilichopotea ni jina.

Msomaji atanipinga kwamba kwa kipimo hiki nawafukuza wachongaji wanaochonga kwa ajili ya soko. Pingamizi hili ni zito. Inasimuliwa kwamba uchongaji wa Wakamba wa Wamunyu ulianzishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na tangu mwanzo uliwategemea wanunuzi. Sidai kwamba twiga wa Wamunyu si sanaa. Nadai kwamba wajibu wake humalizika pesa zinapobadilisha mikono, na mhakiki hana budi kuliona hilo badala ya kumtafutia twiga yule falsafa.

Vita hivyo hivyo vilituletea mnara wa Kenyatta Avenue, jijini Nairobi: askari na mpagazi wa shaba, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, waliosimamishwa mwaka 1928 pamoja na maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Misuli ni ya mtu, mikunjo ya nguo ni ya nguo. Ila watu hao si wa ukoo wowote. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wakaachia Kariokor jina lake, na mnara hauwataji hata mmoja. Kigango ni jina lisilo sura. Shaba ile ni sura isiyo jina. Nimepita hapo kwa zaidi ya miaka ishirini, na sijaona mtu akisimama kuizungumza nayo.

Hatua chache kutoka hapo, sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007 inaleta ugumu mpya. Ina sura, ina jina, ina bunduki. Tamthilia ilikuwa imekwisha kumsimamisha kizimbani miongo mitatu kabla, katika Mzalendo Kimathi. Shaba ilikuja kufanya nini ambacho maneno hayakuweza? Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe kama hiyo mwaka 1957, akazikwa pasipo alama. Kwa hiyo naisoma sanamu hii kuwa ni kigango kilichovaa umbo la Ulaya: kimesimamishwa na serikali kwa niaba ya jamaa, mbali na mifupa, kwa sababu marehemu alikuwa analalamika.

Niliwapeleka wanafunzi wangu wa uzamili kuitazama, nikawaamuru waandike kurasa mbili bila ya kulitumia neno fani wala neno maudhui. Wengi waliandika juu ya bunduki. Mmoja aliandika kwamba alitafuta mahali pa kumiminia tembo, akakuta saruji.