"Mtoto wa Jicho" na Leza: Istilahi Isiyopotosha

Istilahi mtoto wa jicho imekwisha kuzoeleka, wala hatuoni sababu ya kuifuta. Ila humfanya msikiaji adhani kuwa kitu kimeota juu ya jicho, ilhali ni lenzi yenyewe, iliyo nyuma ya mboni, iliyoingia ukungu. Upotoshaji huzidi wafasiri waandikapo "kuchoma mtoto wa jicho kwa leza". Leza, iliyoanza kutumika katika upasuaji huu mwaka 2008, haiufuti ukungu: hupasua konea, hufungua mfuko wa lenzi kwa mbele, na kuigawa lenzi vipande. Baadaye daktari humalizia kuivunja kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, huifyonza, kisha hutia lenzi bandia. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba "atachomwa" tu aweza kutia saini fomu ya idhini pasipo kujua kuwa lenzi yake itatolewa. Hapo kosa la mfasiri si la lugha peke yake. Twapendekeza upasuaji wa mtoto wa jicho kwa usaidizi wa leza. Ni istilahi ndefu, lakini ni ya kweli. Na neno usaidizi lisidondoshwe, kwani ndilo libebalo maana.