Kosa la "Sikuli": Tahakiki Fupi ya Makundi ya Vitenzi

Vitabu vyetu vingi vya shule huvikusanya vitenzi -la, -ja, -fa, -nywa na vingine vya silabi moja chini ya kichwa "vitenzi visivyo vya kawaida". Makala haya yanakipinga kichwa hicho.

Mwanafunzi wa Embulbul, karibu na Ngong, akiandika "mimi sikuli nyama", mwalimu humtilia alama nyekundu na kumwandikia "sili", pasi na sababu. Mtoto huyo hakubahatisha. Amesikia ninakula, nilikula, nitakula, akafuata mkondo. Tukimwambia kwamba hapa pana ukaidi tu wa lugha, twamfundisha kuacha kufikiri.

Sababu ipo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Viambishi -na-, -li-, -ta- na -me- haviupokei. Kwa hiyo ku- hubaki kuubeba: anakula, watakuja. Viambishi vya ukanushi, -ki- na hu- huupokea, na ku- hukosa kazi: sili, akija, hula. Mfano wa kukata shauri ni huu: twasema "simba anakula", lakini "simba anamla swala". Kiambishi -m- kimeupokea mkazo, ku- imeondoka. Jambo linalotabirika hivi laitwaje si la kawaida?

Kijapani, nilichojifunza kidogo nilipokuwa masomoni ng'ambo, chatoa fundisho. Vitenzi vyake hugawanywa makundi kwa jinsi vinavyonyambuka, wala si kwa sura ya nje tu: kaeru "kurudi" huwa kaerimasu, bali kaeru "kubadilisha" huwa kaemasu. Visivyofuata kanuni huhesabiwa viwili tu, suru "kufanya" na kuru "kuja".

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Tucker na Ole Mpaayei, katika sarufi yao ya Kimaasai ya mwaka 1955, walivigawa vitenzi makundi mawili. La kwanza huchukua ta- katika wakati uliopita: arany "naimba", ataranya "niliimba". La pili, ambalo mizizi yake huanza na i-, halichukui: aisuj "naosha", aisuja "niliosha". Mtoto aliyekulia katika Kimaasai huenda darasani akiwa tayari na fikra ya makundi.

Kwa hiyo napendekeza makundi matatu: vinavyoishia na -a (hasomi, asome), vyenye asili ya Kiarabu, visivyobadili irabu ya mwisho (hajibu, ajibu), na vya silabi moja (hali, ale).

Pana pingamizi. Kitenzi -enda kina silabi mbili, na bado twasikia amekwenda na ameenda pia. Hapa mkazo hautoshi kueleza. Nakubali. Basi -enda na -isha ndivyo viwekwe chini ya kichwa kile cha zamani. -La na -ja vitolewe humo, na mwanafunzi aliyeandika "sikuli" asahihishwe kwa kuelezwa kanuni aliyoikaribia.